Anayebaki Kulinda Mikoba Ufukweni

Tangu Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liitangaze Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Mchezo, kwa azimio la Machi 2024, picha zinazosambaa siku hiyo ni za aina moja: watoto wanakimbia, watoto wanabembea, na watu wazima wamesimama pembeni wakitabasamu. Mwishoni mwa Juni 2025 Shirika la Afya Duniani nalo likatoa ripoti kubwa kuhusu upweke. Ripoti ilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba hali hiyo inahusishwa na vifo vipatavyo 871,000 kwa mwaka, yaani karibu 100 kila saa. Habari hizi mbili zilipokewa kana kwamba hazijuani. Ile ya mchezo ikaenda kwa wazazi na walimu, ile ya upweke ikaenda kwa madaktari. Naamini tulizisoma vibaya, kwa sababu kwa mtu mzima ni habari moja. Tumewaachia watoto mchezo wote, kisha tunashangaa kwa nini watu wenye namba za marafiki mia tatu kwenye simu hawana wa kumpigia usiku.

Ndiyo maana nawatetea marafiki wa umri wa makamo wanaofunga safari kwenda baharini, wakifika wanarushiana maji, wanafukiana mchangani, wanashikana mikono kusubiri wimbi huku wakipiga kelele. Wapo wanaowacheka kwamba wamerudia utoto. Wapo pia wanaowasifia kwa maneno yaleyale, kwamba wamemrudisha mtoto aliye ndani yao. Makundi yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanadhani mchezo ni mali ya utotoni, na mtu mzima akicheza ameuazima au ameuiba. Ninachosema mimi ni kwamba wanaocheza ufukweni wanafanya jambo la watu wazima, ambalo urafiki wao hauwezi kuishi bila hilo, na ambalo maongezi peke yake hayaliwezi.

Simama kwenye ufukwe wowote saa kumi jioni uangalie kundi la watu wazima waliokuja pamoja. Utaona rundo la ndala, mashati yaliyokunjwa, funguo zimetumbukizwa ndani ya kiatu, na pembeni mtu mmoja ameketi na mikoba mitano. Ukimuuliza, atakuambia yuko sawa hapo alipo, leo hajisikii tu kuingia majini. Wawili wamesimama maji yakiwa vifundoni, suruali zimepandishwa, wanaongea habari za kazi. Wa nne anapiga picha, na akishapiga anainama kuzichagua. Hatua chache kutoka hapo watoto waliokuja nao wana saa nzima wanaangushwa na mawimbi na kurudi tena. Hakuna aliyewakataza wale wanne. Hakuna bango lililoandikwa mwisho miaka kumi na mbili. Kilichotokea ni kwamba, kadiri miaka ilivyokwenda, kila mmoja alijifunza kwamba nafasi yake popote penye furaha ni ya msimamizi. Yeye ndiye anayeangalia saa, anayelinda vitu, anayehakikisha wengine wamefurahi. Ujuzi huo ni mzuri na unahitajika. Tatizo linaanza pale unapokuwa ujuzi pekee uliobaki.

Lugha yetu nayo imetusukuma huko. Jambo likiwa zito tunasema si mchezo. Anayetupiga chenga kwenye ahadi tunamwambia anatuchezea. Ukisikia mtu anasema usicheze na mimi, unajua mzaha umekwisha. Na bado ni lugha hiyohiyo inayotumia neno kucheza kwa mtoto na mwanasesere wake, kwa bibi anayeingia uwanjani ngoma ikikolea, na kwa mwanamichezo aliyejitolea mwili mzima kwa dakika 90. Wazee waliotuachia maneno haya hawakuona kwamba kucheza kuna umri. Umri tumeuweka sisi, taratibu, kwa aibu.

Aibu hiyo ina historia yake, na upande wa bahari inaonekana wazi. Mwaka 1750 daktari Mwingereza, Richard Russell, alichapisha kwa Kilatini andiko lake kuhusu maji ya bahari kama tiba ya maradhi ya tezi. Aliagiza watu wayaoge, na pia wayanywe. Matajiri wakaanza kumiminika Brighton, mji wa pwani ya Uingereza, na huko walikuwapo wahudumu walioajiriwa kazi ya kuwachovya wagonjwa majini na kuwatoa. Yaani kwa watu wale wa tabaka la juu, mtu mzima alihitaji cheti cha ugonjwa ndipo wimbi limpige. Furaha ilikuwapo, bila shaka, lakini ilibidi ijifiche nyuma ya dawa. Karibu karne tatu zimepita na naona tunarudi palepale. Leo ukimwambia bosi wako, au hata nafsi yako, kwamba unakwenda kucheza baharini, utasikia haja ya kuongeza kwamba ni kwa ajili ya afya ya akili, ya kupunguza msongo, ili Jumatatu urudi kazini na nguvu mpya. Tunasema kazi na dawa, lakini dawa yenyewe sasa tumeiajiri iitumikie kazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na watetezi wengi wa mchezo, japo nia yao ni njema. Wanakuja na orodha ya faida, na baadhi ya faida hizo ni za kweli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2019, uliohusisha watu karibu 20,000, ulionyesha kwamba wanaotumia walau dakika 120 kwa wiki kwenye maeneo ya asili, zikiwamo fukwe, huripoti afya na hali njema kuliko wasiokwenda kabisa. Sina ugomvi na matokeo hayo. Lakini mwanahistoria Mholanzi Johan Huizinga alikwisha kuandika mwaka 1938 kwamba mchezo una tabia moja isiyoondoka: hufanywa kwa hiari, na hauna faida inayotafutwa nje yake wenyewe. Ukimrushia rafiki yako maji huku moyoni unahesabu dakika ulizopangiwa, hapo unatekeleza agizo la daktari na mwenzako anajua. Faida ya mchezo huja kwa mlango wa nyuma. Ukiisubiri mlango wa mbele, utasubiri sana.

Kwa nini bahari, na kwa nini na marafiki? Mfaransa Roger Caillois, mwaka 1958, aliigawa michezo katika makundi manne: ya kushindana, ya bahati, ya kuigiza, na ya kujitia kizunguzungu. Hilo la nne alilipa jina ilinx, neno la Kigiriki lenye maana ya kizingia cha maji. Watu wazima tumebakiwa zaidi na lile la kwanza. Tunacheza mpira, karata, drafti, na hata hiyo tunaigeuza upesi kuwa ligi, na aliyeshindwa anarudi nyumbani kanuna. La kizunguzungu ndilo tulilolitupa mapema kuliko yote, kwa sababu linamtaka mtu akubali kupoteza mhimili. Bahari inakurudishia kundi hilo bila kukuuliza. Wimbi halihesabu magoli. Halijui nani kati yenu ana gari na nani amekopeshwa nauli na mwenzake. Likija linawalaza wote kifudifudi, linawajaza mchanga masikioni, na mnapoinuka kila mmoja anamtafuta mwenzake kwa macho kabla hajajitafuta mwenyewe. Maji ya chumvi nayo ni mazito kidogo kuliko ya mto, wastani wa kilo 1,025 kwa mita ya ujazo dhidi ya 1,000, kwa hiyo mwili unaelea kwa urahisi zaidi. Lile goti linalolalamika kwenye ngazi linapata likizo. Mtu ambaye nchi kavu mwili wake umekuwa mzigo, majini anaupata tena kama kitu cha kutumia.

Kicheko kinachotokea pale si cha kusimuliana vichekesho. Mwanasayansi Robert Provine, aliyetumia miaka mingi kusikiliza watu wakicheka katika maisha ya kawaida, aligundua kwamba tunacheka takriban mara 30 zaidi tukiwa na wenzetu kuliko tukiwa peke yetu, na kwamba sehemu kubwa ya vicheko haifuati mzaha wowote. Mwanasaikolojia Mwingereza Robin Dunbar na wenzake, katika majaribio waliyochapisha 2011, walikuta kwamba watu waliotoka kucheka pamoja wanavumilia maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka, jambo walilolihusisha na kemikali za endofini ambazo mwili hujitengenezea. Dunbar anaamini kicheko ni sehemu ya gundi iliyowaunganisha binadamu katika makundi makubwa. Na Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, alipochunguza inachukua muda gani kwa watu kuwa marafiki, alipata makadirio ya saa 50 hivi kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa ndani. Kilichonigusa zaidi ni kwamba saa za kufanya kazi pamoja hazikuhesabika sana. Zilizohesabika ni zile za kukaa, kutaniana, kucheza. Kama ni hivyo, basi mtu mzima aliyeacha kucheza ameziba njia mojawapo kuu ya kupata marafiki wapya na kuwalinda wa zamani, na kukutana mara nyingi hakutazibua njia hiyo.

Niseme nilichokiona mwenyewe, mara moja tu. Sisi ni marafiki watano wa zaidi ya miaka 20. Kwa muda mrefu tumekuwa tukikutana mezani. Tunakula, tunaulizana habari za watoto na kazi, tunaagana, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa na taarifa za kila mtu, huku nikihisi sijaonana na mtu. Mwaka jana tulikutana baharini. Mmoja wetu, bila kusema neno, akapiga magoti pale povu linapoishia akaanza kuchimba kwa mikono. Mchanga wa pale una tabia yake. Ukiwa mkavu unamwagika, ukilowa kupita kiasi unatiririka, lakini katikati ya hali hizo mbili utando mwembamba wa maji unashika chembe kwa chembe na ukuta unasimama. Ukifika kina cha kiwiko, maji yanaanza kuchuruzika kutoka chini na ukuta unamomonyoka. Basi ikawa kazi. Huyu anachimba, yule anajenga ukingo, mwenzetu mpole kuliko wote amegeuka msimamizi anafoka kwamba mfereji uelekezwe kushoto. Bahari ilikuwa inajaa, na wote tulijua shimo lile lina saa moja ya kuishi. Hakuna aliyechimba taratibu kwa sababu hiyo.

Katikati ya hayo yule aliyeanza kuchimba, mkono ukiwa ndani mpaka begani, bila kuinua uso, akasema hajalala vizuri tangu mama yake alipoanza kumsahau jina. Hatukuacha kuchimba. Mmoja akamuuliza ni tangu lini. Akasema miezi saba. Katika miezi hiyo saba tulikuwa tumekula pamoja mara tatu.

Nimelitafakari sana tukio lile, na sidhani kwamba bahari ina uchawi. Mezani watu wanatazamana, na anayetaka kusema jambo zito lazima aliwasilishe: akohoe, asubiri zamu, azikabili nyuso nne zinazobadilika kwa pamoja. Hapo wengi humeza maneno na kusema tunamshukuru Mungu. Katika mchezo macho yako kwenye mikono. Kimya hakihitaji kuelezwa, kwa kuwa kila mtu ana shughuli. Neno likitoka linaweza kukaa hapo bila kujibiwa mara moja, na aliyelisema hana haja ya kujuta. Zaidi ya hapo, mtu aliyekwisha kukuona umeanguka kifudifudi, kamasi na maji ya chumvi vikikutoka puani, amekuona bila heshima zako, na hakukimbia. Baada ya hapo siri inakuwa nyepesi kuitoa. Mtoto hawezi kupata kitu hicho kwenye mchezo, kwa sababu mtoto hana heshima ya kuiweka kando. Huu ni utajiri wa aliyekwisha kujijengea hadhi na akakubali kuivua kwa muda mbele ya watu anaowaamini. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mtu mzima anapoyavulia anajua fika anachokivua.

Kwa sababu hiyo, hoja dhaifu kuliko zote dhidi ya michezo hii ni ile ya kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi, hivyo wanaocheza wanafukuza moshi. Hoja hii inachukulia kwamba lengo lao ni kurudi. Waangalie vizuri. Wanaangalia kina cha maji kabla ya kuingia. Wanamkumbuka mwenzao mwenye presha. Wanajua jioni wana watoto wa kulaza na kesho wana kodi ya kulipa. Ujuzi wote huo wameingia nao majini, na wanacheza nao. Hata wanyama wanatusuta hapa. Bonobo, aina ya sokwe ambao ni jamaa zetu wa karibu, huendelea kucheza wakiwa wazima kabisa, na pomboo wazima huonekana wakipanda mawimbi bila kufukuza samaki yeyote. Kama kucheza ukubwani ni kasoro ya makuzi, basi ni kasoro iliyoenea kwa viumbe wenye akili nyingi.

Wanaoogopa kwamba dunia inajaa watu wazima wasiotaka kukua wana mfano mwingine wenye uzito zaidi, nao ni biashara. Mwanasesere, gari dogo la mkusanyo, vipande vya kujengea vya maelfu, vyote sasa vinatengenezwa na kutangazwa kwa mnunuzi mwenye mshahara. Wakisema hiyo ni kumuuzia mtu utoto wake kwa rejareja, nawaelewa, japo kitu kilichonunuliwa nacho kinaweza kuchezewa kwa moyo. Tofauti ninayoiona ni kwamba vingi kati ya hivyo vinaishia kwenye rafu ya mtu mmoja chumbani mwake. Wimbi hulipeleki nyumbani, na shimo la mchanga halidumu zaidi ya kujaa na kupwa, mzunguko ambao katika bahari nyingi huchukua saa 12 na dakika 25 hivi. Kinachobaki baada ya hapo ni wale uliokuwa nao.

Zipo hoja ambazo sitazipuuza. Ya kwanza ni hatari. Takriban watu 300,000 hufa maji kila mwaka duniani, na bahari haimchekei mtu kwa sababu amekuja kucheka. Asiyejua kuogelea abaki pale miguu inapogusa chini, aliyekunywa pombe asiingie kabisa, na anayejikuta akivutwa na mkondo kuelekea kilindini asishindane nao uso kwa uso. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke kwenye mkondo ndipo arudi. Kuzingatia hayo hakuharibu mchezo. Ni sehemu ya kinachoufanya uwe wa watu wazima.

Ya pili inaniuma zaidi, kwa kuwa ni ya haki. Nani ana siku ya kwenda baharini? Tamko la Haki za Binadamu la 1948, ibara ya 24, linampa kila mtu haki ya mapumziko na wakati wake mwenyewe, pamoja na ukomo wa saa za kazi. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 31, unataja mchezo kwa jina lake. Kwa hiyo kwenye maandishi mtoto ana haki ya kucheza na mtu mzima ana haki ya kupumzika, na wengi hata hiyo ya kupumzika hawaipati. Ukiangalia tena yule anayelinda mikoba, mara nyingi sana ni mwanamke. Ndiye aliyefungasha chakula, ndiye anayejua taulo la nani liko wapi, na ndiye anayehisi macho yatamfuata mwili ukilowa. Kumwambia ajiachie tu ni kumwonea. Kinachomzuia ni mzigo ambao wenzake hawajaupokea, na macho ambayo wenzake hawajayakemea. Kundi likitaka acheze, kuna kazi ya kufanya kabla ya maji: wengine wabebe vitu, watoto waangaliwe kwa zamu, aingie na nguo zozote anazozitaka, asipigwe picha asizoziomba. Anayetembelea magongo naye atafutiwe mahali ambapo mchanga ni mgumu na maji ni mafupi. Na kila ufukwe unaozungushiwa uzio unawafuta kwenye hesabu hii watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa bure pa kuangukia.

Ikiwa upweke ni suala la afya ya umma, kama tunavyoambiwa sasa, basi ufukwe ulio wazi, siku ya mapumziko inayoheshimiwa na usafiri wa kufika pale vinapaswa kuhesabiwa pamoja na zahanati. Hayo ni ya wenye mamlaka. La kwetu ni dogo na linawezekana wiki hii. Siku mtakapokwenda, kabla hamjavua viatu, pangeni zamu ya mikoba, dakika 20 kila mmoja. Simu zikae chini kabisa, chini ya taulo. Na yule ambaye miaka yote amekuwa akisema yuko sawa hapo alipo, awe wa kwanza kuingia majini.